Waipa Zilizokufa Muhutwe

Umeme wa gari naujua, na hapa Bukoba sijaona wa kunibishia. Sikurithishwa na mtu. Niliondoka nyumbani Ngenge na begi moja la mgongoni, nikaosha magari ya watu Afrika Kusini, nikasoma jioni wakati wenzangu wamelala au wamekwenda kunywa, na leo diploma yangu ya umeme wa magari imetundikwa kwenye ukuta wa gereji yangu Kashai, ndani ya fremu ya kioo, mahali ambapo mteja anaiona kabla hajaniona mimi. Nyumba ninayolala iko Kagondo. Nimeijenga mwenyewe, na hakuna mjomba aliyenisogezea hata ndoo ya mchanga.

Watu huja gereji wakisema gari limekufa. Huwa nawauliza: limekufa lote au limekufa kidogo? Wanacheka, lakini swali langu lina maana. Gari lililokufa lote, ukizungusha ufunguo halitoi hata mwanga kwenye dashibodi, hilo anza na betri. Gari ambalo redio imenyamaza na dirisha halipandi, huku taa zinawaka na injini inaunguruma, halijafa hata kidogo. Kuna fyuzi moja imeungua. Ni kiplastiki chenye rangi, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, na ndani yake mna ukanda mwembamba wa chuma ambao kazi yake ni kuungua wenyewe ili nyaya nyingine zisiungue. Kikizimika kitu kimoja, usikimbilie fyuzi, huenda ni balbu tu. Vikizimika viwili au vitatu kwa mara moja, na jirani zao wako hai, fungua boksi la fyuzi. Na ukiweka fyuzi mpya nayo ikaungua papo hapo, usiilaumu fyuzi. Kuna mahali umeme unavuja.

Hayo niliyasoma na mtihani nikafaulu vizuri. Ila hakukuwa na somo la namna ya kumtazama mdogo wako akikalia kiti cha baba yako.

Baba alipofariki nilikuwa huko huko Afrika Kusini, na karatasi zangu zilikuwa katika hali ambayo ukitoka huwezi kurudi. Nilituma kilichohitajika kwenye msiba, na sikutuma kwa ubahili, aulizwe yeyote. Nilipokuja kufika, kaburi lilikuwa limeota majani na omusika amekwisha kuwekwa. Kwetu Wahaya mtu akifa, kibanja chake, yaani ile migomba na mibuni inayozunguka nyumba, hakikai bila mwenyewe. Ukoo unakutana, mrithi anatajwa, anakalishwa kwenye kiti cha marehemu mbele ya watu, na tangu siku hiyo omusika ndiye baba wa mji ule. Kwa kawaida huwa ni mtoto wa kiume wa kwanza. Mtoto wa kiume wa kwanza ni mimi. Lakini baba aliacha neno mbele ya wazee kwamba akalishwe mdogo wangu, kwa sababu yeye yupo.

Yupo. Hiyo ndiyo sifa iliyomshinda mtu mwenye diploma. Mdogo wangu hajawahi kufika mbali kuliko Mwanza, na huko Mwanza alipelekwa na ugonjwa.

Nikienda Ngenge siku za Jumapili, akina mama wa jirani wanapiga magoti kumsalimia yeye kwanza, kisha wananigeukia mimi kama watu waliokumbuka kitu. Pombe ya ndizi ikiiva kwa jirani, kibuyu cha kwanza kinaletwa kwake. Mama anamgombeza kwamba hajapogoa mibuni, kwamba viatu vyake vimejaa tope, na mimi nakaa nasikiliza namna anavyomgombeza, nikitamani kugombezwa hivyo. Mimi mama ananipa pole ya safari na kiti chenye kitambaa. Kitambaa chenyewe ni cha wageni, nakijua tangu nikiwa mdogo.

Basi ikafika siku ya dada yetu. Yeye ndiye kitindamimba, ni mtawa, na alikuwa anaweka nadhiri za daima Bukoba. Siku hiyo wazazi humwingiza binti yao kanisani, wamemshika mkono kila mmoja upande wake, wakamkabidhi mbele ya askofu. Baba hayupo. Yeyote ambaye angesimama na mama angekuwa amesimama mahali pa baba, mbele ya kanisa zima, na hakuna kikao cha ukoo ambacho kingeweza kulifuta jambo hilo machoni pa watu.

Nililitaka sana. Na nilikuwa na haki ya kulitaka: sare za dada sekondari, viatu vyake, godoro lake la bweni, vilitoka kwangu. Mdogo wangu alimpa nini? Alimpeleka stendi kwa baiskeli. Isitoshe, hakuna aliyekuwa ametamka nani ataingia na mama. Nikajiambia, atakayemshusha mama mlangoni pa kanisa ndiye atakayeingia naye, maana hakuna mtu atakayeanza kubadilishana nafasi pale mlangoni mapadri wakiwa wamejipanga. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa moja tu, mama apande gari langu.

Nilijiandaa kwelikweli. Gari langu nililiosha mwenyewe, nikaweka vitambaa vipya vya viti, na kiti cha mbele nikakirudisha nyuma ili goti la mama, lile linalomsumbua, lipate nafasi ya kunyooka. Niliondoka Kagondo alfajiri na kufika Ngenge wakiwa ndiyo kwanza wanakunywa chai. Gari la mdogo wangu, la safu tatu za viti, lilikuwa pale uani na tope lake la wiki nzima. Mama alitoka na gauni lake la kanisani na kitenge kipya begani. Akaligusa boneti la gari langu, akasema limependeza, Mungu aniongezee. Kisha akapita, akaenda kupanda lile la tope.

Nilimwambia mama nimemwekea kiti cha mbele. Aliyejibu ni baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, mtu anayependa kuamua mambo kabla hayajaulizwa.

"Mama yenu anasafiri na omusika," alisema. "Lako lina buti kubwa. Wewe utabeba ndizi za masista."

Mdogo wangu alikuwa anainua mikungu, na akaanza kuipanga ndani ya gari langu kwa uangalifu sana, akitandika majani chini ili utomvu usichafue. Uangalifu wake ule uliniudhi kuliko kama angeitupa. Mkungu mmoja haukutosha kwenye buti, ukawekwa kiti cha nyuma juu ya kitambaa kipya. Kiti cha mbele, kile cha goti la mama, akakalia shangazi yetu, ambaye alisinzia kabla hatujafika barabara kubwa.

Tukaenda hivyo, wao mbele na mimi nyuma. Kupitia kioo chao cha nyuma nilikiona kichwa cha mama. Mara kwa mara kiligeuka upande wa dereva, na nilijua wanazungumza, na nilijua hata mazungumzo yenyewe: migomba, mvua, nani anaumwa. Nilikuwa na mengi zaidi ya kumweleza mama. Nimeona migodi, nimeona gari ambalo tairi lake ni refu kuliko nyumba yetu. Lakini hakuna hata siku moja ambayo mama aligeuza kichwa hivyo kwa ajili ya tairi.

Mvua ilitupata baada ya Muleba mjini, na tulipofika vilima vya Muhutwe haikuwa mvua ya kuchezea. Hapo ndipo nilipoona waipa ya nyuma ya gari la mdogo wangu ikisimama katikati ya kioo. Haikurudi chini mahali pake kama inapozimwa na dereva. Ilisimama wima, imekatishwa kazini. Mara mkono wa mdogo wangu ukatoka dirishani na kitambaa, akawa anajaribu kupangusa kioo cha mbele huku anaendesha. Kumbe na za mbele zimekufa. Lakini taa za breki zilikuwa zinawaka, na indiketa ya kushoto ikaanza kupepesa vizuri kabisa alipoamua kuegesha.

"Fyuzi," nikasema.

Shangazi akafumbua macho. "Nani?"

"Fyuzi ya mdogo wangu imeungua."

"Masikini," akasema shangazi, akafumba tena.

Nilisimama nyuma yao na kushuka na kikopo changu cha fyuzi, maana mimi sisafiri bila kikopo hicho. Nilikuwa na furaha, nisidanganye. Mvua inanyesha, misa inasubiri, gari la omusika halioni mbele, na gari la pili lina kiti chenye nafasi ya goti. Fyuzi ikikubali, nitakuwa nimewaokoa. Isipokubali, mama anahama. Sikuona njia ambayo ningeshindwa.

Baba mdogo, aliyekaa nyuma ya mama, alikuwa ameshateremsha kioo, na alikuwa ameshagundua gari linaumwa nini.

"Hili limepigwa jicho," alisema. "Lilikuwa zima kabisa. Kuna watu wakifuata nyuma ya gari la mwenzao, hata betri inakauka." Na akanitazama waziwazi, ili nisije nikadhani anamsema mtu mwingine.

Walio ndani walicheka, lakini mama hakucheka.

"Baba mdogo," nikamwambia, "jicho gani hilo linaua waipa na kubakiza taa? Likikupiga wewe litakuacha na ulimi?"

Hapo wakacheka kwelikweli, na mdogo wangu naye akacheka, akanisogezea mlango niingie chini ya usukani. Nikauliza kama redio inafanya kazi. Akabonyeza, kimya. Honi? Ikalia. Taa kubwa? Zikawaka. Basi nikawaeleza wote, na sikuwaeleza kwa sauti ndogo, kwamba waipa na redio zimekufa pamoja na vingine vyote viko hai, kwa hiyo hakuna mota iliyoungua wala mchawi aliyepita. Nikatoa fyuzi, nikaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Ukanda wa ndani umekatika katikati na plastiki imeingia weusi. Nikampa baba mdogo aione kwa macho yake. Akaigeuza geuza kama mtu aliyepewa mbegu asiyoijua, akanirudishia.

Nikaweka mpya yenye ukubwa ule ule. Mdogo wangu akawasha. Waipa zikanyanyuka, zikafika nusu ya kioo, zikakata.

"Diploma nayo imeungua," alisema baba mdogo.

Mdogo wangu akasema fundi wa Muleba huwa anaizungushia fyuzi iliyoungua ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, inashika hadi nyumbani. Alisema kwa nia njema, na ndiyo maana sikumtukana. Nilimweleza kwamba karatasi ile haiungui inapotakiwa kuungua, kinachoungua ni nyaya nyuma ya dashibodi, na mama amekaa mbele yake. Akamtazama mama, kisha akaitazama dashibodi kama mtu aliyeambiwa kuna nyoka.

Fyuzi mpya ikiungua papo hapo, umeme unavuja mahali. Nikamuuliza ni nini kingine kilichofungwa kwenye gari hili baada ya kulinunua. Akanionyesha tundu la kuchajia simu, lile la mviringo, ambalo fundi huyo huyo wa Muleba alilipachika chini ya redio. Hata kabla sijafungua chochote nilijua waya wake umedandia njia ya waipa, kwa sababu ndio waya ulio karibu, na fundi mvivu huchukua ulio karibu. Nikauliza nani alikuwa anachaji. Ni baba mdogo. Alikuwa amechomoa chaja pale mlimani ili apokee simu ya kuulizwa tumefika wapi, na tundu likabaki wazi.

Nikainama. Ndani ya tundu mlikuwa na msalaba. Rozari ilikuwa imetundikwa kwenye kitufe cha redio, na gari lilipotikisika ncha yake ya chuma ikatumbukia mle na kugusa pande mbili kwa pamoja, chini na ukutani. Shoti ya kitabuni. Nikazima gari, nikaivuta taratibu. Mguu wa msalaba ulikuwa umebabuka kidogo.

Nikaitambua. Niliinunua mimi, mwaka wangu wa pili ugenini, shanga za mbao nyekundu na mnyororo wa chuma, nikampa mtu aliyekuwa anarudi nyumbani amfikishie mama mkononi. Kila nilipompigia simu nilimuuliza kama anaisali, naye akasema anaisali. Na kumbe imetundikwa hapa, kwenye gari la mdogo wangu, juu ya redio ya mdogo wangu.

"Mama," nikasema, "si ndiyo ile niliyokutumia?"

"Ndiyo hiyo."

"Mbona iko humu?"

Mama aliichukua, akaifuta kwa pindo la kitenge. "Nikipanda gari la mdogo wako nataka na wewe uwemo," alisema. "Nimeitundika mwenyewe. Yeye hata hakuniuliza ni ya nani."

Baba mdogo alikuwa hajashiba. "Si nilisema?" akawaambia waliokuwa nyuma. "Nilisema ni yeye. Msalaba wake ndio umelikata gari."

Walicheka mpaka gari likatikisika, na mimi nikacheka pia, maana mtu akipatikana amepatikana. Lakini maneno ya mama yalikuwa yameniingia vibaya. Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilisikia kwamba hata mimi, ili niwe karibu na mama, lazima nipande gari la mdogo wangu.

Nikauondoa waya wa lile tundu kabisa, nikaufunga na utepe, nikaweka fyuzi nyingine. Waipa zikafagia kioo kizima na kurudi, na redio ikaanza kwa kelele katikati ya matangazo ya vifo. Kazi safi. Sasa hakukuwa na sababu yoyote ya mama kuhama, na sababu hiyo nilikuwa nimeiondoa kwa mikono yangu mwenyewe. Sikufikiria hata mara moja kuifanya kazi vibaya. Siwezi. Nikishika waya nashika kazi yangu, si ugomvi wangu.

Nilikuwa narudi kwenye gari langu mdogo wangu aliponifuata. Tukasimama kwenye mvua kati ya magari mawili. Alisema kwa Kihaya, kwa sauti ya chini ili wa ndani wasisikie.

"Kaka, ukitaka kuingia na mama leo, ingia wewe. Mimi nitaleta ndizi."

Nilimtazama kuona kama ananidhihaki. Hakuwa ananidhihaki. Alikuwa ameshatoa ufunguo wake mfukoni, ameushika mkononi, tayari kubadilishana. Kile nilichokitaka tangu dada aliponipigia simu kuniambia tarehe, kile nilichokioshea gari na kukinunulia vitambaa, kilikuwa pale, na nilichotakiwa kufanya ni kunyoosha mkono.

Sikuweza. Angeninyima ningempigania, na nadhani ningeshinda. Lakini alinipa, na mtu hutoa kilicho chake. Ningeipokea nafasi ile ningekuwa nimekubali barabarani, kwenye mvua, kwamba ni yake ya kugawa. Na nilimwonea wivu zaidi kwa hilo, kwamba yeye anaweza kuitoa na bado akabaki nayo. Baba hakukosea kumchagua, na hilo ndilo linaloniuma.

"Endesha," nikamwambia. "Na tundu lile usilifunge tena. Uje Kashai nikuwekee lenye waya wake na fyuzi yake."

Akasema ndiyo, kaka. Akasimama kidogo kama anayesubiri niongeze, kisha akarudi kwa mama.

Tulifika kabla kengele haijapigwa. Nilimwona akimshusha mama mlangoni pa kanisa, akiligeuza goti lake taratibu kwanza, kisha mguu wa pili, kama mtu anayelijua goti lile kila siku ya wiki. Dada alikuwa tayari amejipanga na wenzake, amevaa vazi jipya, uso umemwiva kwa furaha. Mama akamshika mkono wa kulia. Mdogo wangu akamshika wa kushoto. Mimi nilishusha ndizi nyuma ya jiko la masista, nikajifuta utomvu, nikaingia kwa mlango wa pembeni na kupata nafasi kwenye benchi la tatu, karibu na mama mmoja wa mjini ambaye sikumjua.

Walipopita katikati ya kanisa watu walipiga vigelegele, na mimi nilipiga makofi kwa nguvu kuliko watu wa benchi langu. Mdogo wangu alikuwa amevaa koti la baba, limempwaya mabegani. Lingenikaa mimi. Nililipima kwa macho mpaka walipofika mbele, na hapo alipoulizwa na askofu kama tunamtoa binti yetu alijibu ndiyo, akaufungua mkono wake, na mkono wa dada ukatoka.

Yule mama wa mjini aliniinamia. "Wewe ni nani wa sista?"

"Kaka yake mkubwa," nikasema. "Wa kwanza kuzaliwa. Nina gereji ya umeme wa magari Kashai, na gari lililomleta mama yetu nimelitengeneza mimi leo barabarani."

Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Kisha akatazama mbele. "Na yule aliyemshika mkono?"

Sikuwahi kulitamka neno lile kwa mdomo wangu mwenyewe tangu niliporudi. Siku zote nilisema mdogo wangu, au yule wa Ngenge.

"Yule ndiye omusika," nikasema.

"Anafanana na wewe," alisema yule mama, na nikageuza uso upande wa dirisha ili asiendelee kulinganisha.